Kununua GPS ya mkononi: jiulize kwanza unaruka au unatembea

WAFANYABIASHARA, marubani na wasafiri wa Nyanda za Juu Kusini wanaotaka kununua kifaa cha GPS cha mkononi wanashauriwa kuamua kwanza kazi watakayokifanyia. Tofauti ya bei kati ya kifaa cha msafiri wa kawaida na kile cha rubani inaweza kufikia mara kumi, na fedha hiyo hairudi mnunuzi anapogundua kuwa alichochukua hakimfai.

Ukanda wa Makambako na Njombe unaonyesha vizuri jambo hilo. Makambako ndipo reli ya TAZARA, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya na barabara ya Songea zinapokutana. Kilomita zipatazo 60 kusini yake uko mji wa Njombe, ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa wake. Katika njia hiyo hupita mbao, viazi mviringo, chai na parachichi. Hupita pia wanunuzi wa miti wanaoingia Lupembe, watumishi wanaoshuka Ludewa hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, na juu yao, mara moja moja, ndege ndogo zinazotumia uwanja wa Njombe.

Watu hao wote wanaweza kuingia dukani na kuulizia kitu kimoja kwa jina moja, yaani GPS. Hata hivyo, mahitaji yao hayafanani, na muuzaji asiyeuliza maswali atawauzia wote kile kilicho rafuni.

Kinachouzwa ni kipokezi

Kifaa cha GPS hakitumi chochote angani. Kazi yake ni kupokea. Setilaiti za Marekani, ambazo idadi yake hupita 24, huizunguka dunia zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa hupima muda ambao tangazo limetumia kufika, na kikizipata setilaiti nne au zaidi hukokotoa mahali kilipo na kimo chake. Matangazo hayo hayalipiwi. Muuzaji anayemwambia mteja kwamba GPS ya kawaida inahitaji bando au ada ya mwezi ili ionyeshe mahali, ama hajui bidhaa yake ama anauza huduma nyingine.

Mlango wa raia kuutumia mfumo huo ulifunguliwa na ajali ya ndege. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini iliyokuwa imepotea njia ilitunguliwa na jeshi la Urusi ya Kisovieti, na Rais Ronald Reagan wa Marekani akatangaza kuwa mfumo huo, uliokuwa ukijengwa kwa ajili ya jeshi, utawafaa pia raia utakapokamilika. Hata hivyo, kwa miaka mingi matangazo ya raia yalikuwa yakipunguzwa usahihi kwa makusudi, hata kosa likaweza kufikia mita 100. Mwezi Mei 2000 Rais Bill Clinton aliamuru jambo hilo likome. Tangu hapo kifaa kidogo cha mkononi, kikiwa mahali pa wazi, hukosea kwa mita chache tu.

Leo vifaa vingi hupokea pia setilaiti za GLONASS za Urusi, Galileo za Ulaya na BeiDou za China. Hilo ni jambo la kuulizia dukani, hasa kwa mtu atakayeingia katika mashamba ya misonobari au mabonde marefu, ambako sehemu kubwa ya anga huzibwa. Kadiri kifaa kinavyozijua familia nyingi za setilaiti, ndivyo kinavyopata nafasi nzuri ya kuona nne zinazotosha.

Msafiri wa barabara kuu: simu inatosha

Kwa anayesafiri Makambako hadi Njombe, Songea au Mbeya kwa gari, ushauri ni mfupi: asinunue kitu. Simu ya kisasa aliyonayo mfukoni tayari ina kipokezi cha GPS, na kipokezi hicho hufanya kazi hata pasipo mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ramani. Ramani zikipakuliwa mapema, kwa mfano kupitia Google Maps, Organic Maps au OsmAnd, simu itaendelea kuonyesha njia hata minara ya simu ikipotea.

Kasoro ya simu iko kwenye betri. Simu inayowasha kioo na kipokezi kwa pamoja humaliza chaji haraka, kwa hiyo waya wa kuchajia katika gari ni sehemu ya gharama. Gharama hiyo ni ndogo mno ukiilinganisha na kifaa kipya.

Aidha, mnunuzi asichanganye GPS ya mkononi na kifaa cha kufuatilia gari, ambacho mafundi wengi nao hukiita GPS. Hicho cha pili hufungwa ndani ya gari, kina laini ya simu, na kazi yake ni kumpelekea mwenye gari habari za mahali gari lilipo na mwendo wake. Mabasi ya abiria yana mfumo wa namna hiyo unaosimamiwa na LATRA, mamlaka iliyoichukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Mwenye lori la mbao anayetaka kujua dereva wake amelala wapi anahitaji kifaa hicho. GPS ya mkononi haitamsaidia, kwa sababu itamwonyesha dereva alipo, lakini mwenye mali hatapata habari.

Msafiri wa porini na mnunuzi wa shamba

Mambo hubadilika lami inapokwisha. Mtu anayekwenda kukagua miti Lupembe, anayepanda Makete kuelekea Kitulo au anayeshuka Ludewa kuelekea Manda na Lupingu anaweza kukaa siku mbili au tatu mbali na umeme. Huyo ndiye mteja halisi wa GPS ya mkononi.

Jambo la kwanza kwake ni betri. Vifaa vinavyotumia betri ndogo za AA, zile zinazotiwa kwenye tochi na redio, vina faida kubwa vijijini kwa sababu betri hizo hupatikana hata katika duka la kijiji. Garmin eTrex 22x, kwa mfano, imeandikiwa saa 25 kwa betri mbili. eTrex SE, iliyotoka mwaka 2023 kwa bei ya karibu dola 150 nchini Marekani, imeandikiwa saa nyingi zaidi ya hizo. Ngazi ya juu yake, kama GPSMAP 67 ya mwaka huohuo, hubeba betri ya kuchaji inayodumu siku kadhaa, lakini bei yake ilianzia karibu dola 500.

Saa zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa katika hali nzuri. Njombe ni miongoni mwa miji yenye baridi kali nchini, na miezi ya Juni na Julai asubuhi zake huipunguzia nguvu betri ya aina yoyote. Betri za AA za lithiamu hustahimili baridi kuliko za alkalini, ingawa ni ghali zaidi. Kifaa kinachowekwa mfuko wa ndani, karibu na mwili, hudumu zaidi kuliko kilichoning'inizwa nje ya begi.

Jambo la pili ni maji na vidole. Alama ya IPX7 ina maana kwamba kifaa kimepimwa kuzama mita 1 kwa dakika 30, na kwa mvua za kati ya Novemba na Aprili hicho ndicho kiwango cha kuanzia. Vitufe vya kubonyeza hufanya kazi hata mkono ukiwa umelowa au umevaa glovu. Kioo cha kugusa, kama cha simu, mara nyingi hugoma.

Jambo la tatu ni la kitaalamu, nalo huwagharimu wengi. Ramani za karatasi za nchi hii za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado hutumiwa na wataalamu wa misitu na ardhi, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Kifaa cha GPS hutoka kiwandani kikiwa kimewekwa msingi wa dunia nzima uitwao WGS 84. Misingi hiyo miwili, ambayo wapima ardhi huiita datamu, haikubaliani. Katika ukanda wa Njombe nukta moja ikisomwa kwa msingi mmoja na kuwekwa kwenye ramani ya msingi mwingine husogea zaidi ya mita 300. Umbali huo unatosha kumweka mtu katika shamba la jirani, au ng'ambo ya pili ya bonde.

Kifaa kizuri humruhusu mwenye nacho kuchagua Arc 1960 katika orodha yake ya mipangilio. Kabla ya kulipa, mnunuzi amwombe muuzaji: "Ndugu, nionyeshe Arc 1960 humu." Ikiwa haimo, kifaa hicho hakimfai mtu wa ramani za karatasi.

Kwa upande wa ununuzi wa mashamba, tahadhari moja yatosha. Ekari moja ya mraba ina upande wa takriban mita 64. Upande mmoja ukikosewa kwa mita 5 tu, eneo litaongezeka au kupungua kwa karibu asilimia 8, na katika biashara ya miti au parachichi asilimia 8 ni fedha. GPS ya mkononi inafaa kukadiria na kurudi mahali palepale. Mpaka wa kuandikia mkataba ni kazi ya mpima ardhi na vyombo vyake.

Rubani: hapa bei ina maana

Kwa upande wa anga, hesabu ni nyingine kabisa. Makambako iko karibu latitudo 8°51' kusini na longitudo 34°50' mashariki, na Njombe 9°20' kusini na 34°46' mashariki. Kwa mstari ulionyooka hizo ni kilomita 54 hivi, yaani maili za anga 29. Ndege ndogo inayokwenda noti 120 huzimaliza kwa robo saa. Katika siku ya wazi rubani hahitaji kifaa chochote kuliona jambo hilo: reli ya TAZARA humfikisha Makambako, na barabara ya lami humpeleka kusini.

Tatizo huanza ukungu unaposhuka. Rubani aliyekosea uelekeo kwa nyuzi 5 tu katika safari hiyo fupi atafika akiwa pembeni ya mji kwa takriban kilomita 4 na nusu, na kwa wingu la chini hatauona uwanja. Uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi imesimama safu ya Kipengere, na kusini-magharibi milima ya Livingstone hupanda zaidi ya mita 2,400 kisha huporomoka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kwenye kimo cha mita 475 hivi. Katika nchi ya namna hiyo, kujua ndege iko wapi bila kujua mlima uko wapi ni nusu ya habari.

Ndiyo maana vifaa vya anga vina bei yake. Garmin aera 660 ilipotoka mwaka 2016 iliuzwa Marekani kwa karibu dola 850, na aera 760, yenye kioo kikubwa zaidi, ilifuata kwa karibu dola 1,600. Kinacholipiwa hapo ni mambo manne.

La kwanza ni hazina ya milima na vizuizi. Kifaa hulinganisha kimo cha ndege na kimo cha ardhi iliyo mbele na kutoa onyo. Kifaa cha kutembelea porini hakifanyi hivyo. Hata kikiwa na ramani nzuri ya milima, hakikutengenezwa kumwonya mtu anayekwenda kilomita 220 kwa saa.

La pili ni habari za viwanja, masafa ya redio na mipaka ya anga. Habari hizo hubadilishwa duniani kote kwa mzunguko wa siku 28, na kampuni huziuza kwa kanda. Tanzania, pamoja na Afrika yote, huingizwa na Garmin katika kanda ya Atlantiki. Kifaa kilichonunuliwa Marekani kikiwa na kanda ya Amerika kitamwonyesha rubani viwanja vya Texas vyote na kumkosesha anavyovihitaji.

La tatu ni kioo kinachosomeka katika jua kali. Juu ya mawingu mwanga ni mwingi kuliko chini, na kioo kisichosomeka hapo ni mzigo.

La nne ni umeme. Betri ya ndani ya aera hudumu saa chache tu, kama nne hivi. Kwa hiyo kifaa hutegemea umeme wa ndege, na betri yake ni akiba ya dharura. Anayenunua lazima ahesabu pia waya na kishikizo imara, kwani kifaa kinachodondoka miguuni pa rubani wakati wa kutua ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Hata baada ya kulipa vyote hivyo, kifaa cha mkononi hubaki kuwa msaidizi. Hakihesabiwi kuwa chombo cha kurukia ndani ya mawingu, na hakichukui nafasi ya dira, altimita wala ramani. Kimo kinachosomwa na GPS hukosea zaidi kuliko mahali, nacho hakilingani na kile cha altimita ambacho marubani wote na waongozaji wa ndege hukitumia. Aidha, GPS haimwambii rubani kuwa hewa ya futi 6,000 ni nyepesi na kwamba ndege iliyopakizwa itahitaji njia ndefu zaidi kuondoka Njombe kuliko ile aliyoizoea pwani.

Matukio ya miaka ya karibuni yameongeza uzito wa jambo hilo. Tangu mwaka 2022 ndege katika maeneo ya Baltiki, Bahari Nyeusi na mashariki ya Mediterania zimekuwa zikikumbwa na GPS iliyozibwa au kudanganywa kutokana na vita. Mawimbi ya setilaiti hufika ardhini yakiwa dhaifu mno, na mtambo mdogo unatosha kuyafunika. Anayejua kufuata reli hadi Makambako kwa macho na dira ana akiba ambayo haizibwi.

Tableti kama njia ya kati

Marubani wengi duniani sasa hutumia tableti yenye programu ya urubani badala ya kifaa maalumu. Ni njia nafuu, lakini ina mitego miwili. Wa kwanza: iPad ya Wi-Fi peke yake, isiyo na sehemu ya laini ya simu, haina kipokezi cha GPS ndani yake. Anayeinunua kwa kuwa ni ya bei ya chini atalazimika kununua kipokezi cha pembeni kinachounganishwa kwa Bluetooth. Wa pili ni joto. Apple huandika nyuzi 35 kuwa mwisho wa joto la kufanyia kazi, na tableti iliyoachwa nyuma ya kioo cha ndege juani, hata Njombe penye baridi, inaweza kujizima yenyewe. Programu nayo ichunguzwe kabla ya kulipiwa, kwani nyingi zinazosifiwa zimejengwa kwa ajili ya Marekani au Ulaya na ramani zake za anga hazifiki Tanzania.

Mitego ya soko

Mnunuzi wa vifaa vya mitumba aangalie tarehe. Mfumo wa GPS huhesabu majuma hadi 1,024 kisha huanza upya. Ulianza upya Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Kifaa cha zamani ambacho programu yake haikurekebishwa huweza kuonyesha tarehe ya miaka karibu 20 iliyopita. Mara nyingi mahali huonyeshwa sawa, lakini kumbukumbu za safari na saa za jua kuchomoza na kuzama huvurugika. Kikiwashwa dukani na tarehe ikawa si ya leo, hiyo ni sababu ya kushusha bei au kuondoka.

Mtego mwingine ni neno WAAS lililoandikwa kwa fahari kwenye maboksi mengi. Hiyo ni huduma ya kusahihisha vipimo iliyojengwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini. Kifaa chenye WAAS kitafanya kazi Njombe kama kifaa kingine, lakini asiwepo wa kulipa zaidi kwa sababu hiyo.

Ramani ya ndani nayo iulizwe. Vifaa vinavyouzwa Marekani huja na ramani za huko. Kwa bahati nzuri ramani za OpenStreetMap, zilizotengenezwa na watu wa kujitolea, hupatikana bure na huweza kuwekwa katika vifaa vingi vya Garmin. Muuzaji anayedai fedha nyingi kwa "ramani ya Tanzania" aulizwe ni ramani ipi.

Kuna pia vifaa vyenye uwezo wa kutuma ujumbe na kuomba msaada kwa setilaiti, kama inReach, ambavyo hutumia setilaiti za Iridium. Kwa anayeshuka Ludewa peke yake au rubani anayevuka milima, kitufe hicho kinaweza kuwa na thamani kuliko ramani yote. Hivi ndivyo vyenye ada, tena kwa dola, na visipolipiwa kitufe hakifanyi kazi. Kwa kuwa ni vyombo vya mawasiliano, mnunuzi aulize TCRA masharti yake kabla ya kuagiza.

Gharama halisi

Anayeagiza kutoka nje asihesabu bei ya boksi peke yake. Chukua mfano wa kifaa cha dola 600 chenye usafiri na bima ya dola 50. VAT ya asilimia 18 juu ya dola 650 ni dola 117, kabla ya ushuru mwingine wowote na malipo ya wakala wa forodha. Iwapo aina fulani ya kifaa ina msamaha, wakala huyo ndiye wa kuulizwa mapema, kabla mzigo haujafika. Kwa kifaa cha anga iongezwe ada ya kila mwaka ya kuhuisha habari zake. Bila ada hiyo, baada ya muda rubani atakuwa ananunua imani tu.

Anayenunua ndani ya nchi adai risiti ya EFD na dhamana iliyoandikwa. Kifaa cha bei ya chini kisicho na dhamana si rahisi, kwa sababu fundi wa vipokezi vya setilaiti hapatikani kila mji.

Jaribio la bure kabla ya kulipa

Kosa lililo hatari kuliko yote, na ambalo huwapata wenye vifaa ghali na rahisi sawasawa, ni la kuandika namba vibaya. Njombe iko 9°20' kusini na 34°46' mashariki. Mtu akiziandika kama 9.20 na 34.46 katika kifaa kinachosoma nyuzi kwa desimali, atakuwa ametaja mahali pengine kabisa, kwa sababu dakika 20 ni theluthi moja ya nyuzi, si sehemu 20 kati ya 100. Namba sahihi ni 9.333 na 34.767. Kosa hilo humpeleka msafiri zaidi ya kilomita 36 kutoka mjini, upande wa safu ya Kipengere. Kwa mwenye gari hiyo ni mafuta yaliyopotea. Kwa rubani aliye ndani ya wingu ni mlima. Na akisahau kuandika kuwa ni kusini, kifaa kitamwelekeza magharibi mwa Ethiopia.

Kwa hiyo mnunuzi aliyeko Makambako anaweza kukijaribu kifaa bila gharama. Akiwashe mahali pa wazi na kukiacha dakika kadhaa kizipate setilaiti. Aingize mwenyewe, si muuzaji, latitudo na longitudo za Njombe, kisha aombe umbali. Kifaa kilicho sawa, mikononi mwa mtu aliyekielewa, kitasema kilomita 54 hivi, uelekeo wa kusini ukiegemea kidogo magharibi. Kikisema kilomita 40 au 2,000, kosa liko kwenye namba au mipangilio, na ni afadhali ligunduliwe hapo kituoni kuliko njiani.

Kilomita hizo 54 ni za ndege. Za barabara ni 60 hivi, na ukiacha lami kuelekea Ludewa au Makete tofauti huwa kubwa zaidi kwa sababu ya kona na mabonde. Anayepanga mafuta kwa umbali wa GPS bila kuongeza atasukuma gari.

Kwa ufupi, soko linasema hivi. Msafiri wa lami abaki na simu yake na anunue waya wa chaji. Wa porini achukue kifaa cha vitufe, cha betri za AA, kisichoingia maji na chenye Arc 1960, na dola 150 hadi 200 za bei ya kiwandani zinamtosha. Asafiriye peke yake mbali na minara aongeze fedha kwa ajili ya kitufe cha kuombea msaada. Rubani asinunue cha porini kwa kubana matumizi. Kama hana fedha ya kifaa cha anga na ya kukihuisha, ni afadhali abaki na ramani, dira na siku ya wazi.